Namba Unayoweza Kuihoji: Kuchagua Vipimo vya Maji ya Tangi la Matumbawe

Usianze na jina la kampuni. Ukiingia duka la samaki wa mapambo, liwe la Dubai, Hamburg au Nairobi, utakuta rafu ya visanduku na muuzaji aliye tayari kukuuliza unataka API, Salifert, Red Sea au Hanna. Swali lake limewahi mno. Jiulize kwanza: namba nitakayoisoma itanifanya nifanye nini? Kama ni kuongeza bikaboneti, mshuko wa kiasi gani utakufanya uongeze? Kama ni kubadilisha maji, fosfeti ikifika ngapi ndipo utashika ndoo? Ukishajua hilo, tafuta kipimo ambacho hatua yake ndogo kabisa ni ndogo kuliko badiliko unaloliogopa. Kisichoweza hivyo ni pambo, hata kama kina skrini na mkoba wa zipu.

Visanduku vya kuanzia ndivyo vinavyopotosha wengi. Sanduku la API la maji ya chumvi lina pH, amonia, naitraiti na naitreti. Vipimo hivyo vinamfaa mtu anayeanzisha tangi la samaki na kungoja bakteria washike kazi. Mwenye matumbawe magumu atalipia vipimo ambavyo baada ya wiki chache havigusi tena, kisha arudi dukani kununua vile alivyovihitaji tangu mwanzo: ualkali, kalsiamu, fosfeti. Kampuni hiyohiyo ina sanduku jingine la matumbawe, ila hilo nalo lina tatizo lake kwenye ukubwa wa hatua, na nitalieleza.

Chumvi kwanza

Kabla ya kitendanishi chochote, nunua kitu cha kupimia chumvi. Kalsiamu na magnesiamu hupanda na kushuka pamoja na chumvi yote iliyomo majini. Tangi lililoteremka kutoka 35 hadi 33 kwa elfu limepoteza karibu asilimia 6 ya vyote viwili, na asiyepima chumvi atadhani matumbawe ndiyo yamevila. Ataongeza kalsiamu kwenye maji ambayo tatizo lake lilikuwa mtungi wa maji baridi uliojaza kupita kiasi.

Haidromita ya plastiki yenye mkono unaoelea ni ya bei nafuu, lakini kiputo kimoja cha hewa kikinasa kwenye mkono kinaunyanyua, na ukoko wa chumvi unaukwamisha. Rifraktomita ni bora, kwa sharti moja: iwekwe sawa kwa kimiminika cha rejea cha 35, si kwa maji matupu peke yake. Rifraktomita nyingi za bei ya chini zilitengenezwa kwa ajili ya maji yenye chumvi ya kawaida ya viwandani, na maji ya bahari hayapindi mwanga kwa kiwango hichohicho. Maji ya bahari ya 35 kwa elfu hupinda mwanga sawa na maji yenye chumvi ya mezani ya 36.5 kwa elfu. Kwa hiyo, ukikosa chupa ya rejea, pima 36.5 g za chumvi safi isiyo na viongezi, ongeza 963.5 g za maji safi, dondosha kwenye kioo na ukaze skrubu hadi mstari ukae kwenye 35.

Anayechota maji baharini asidhani ameepuka kupima. Maji ya wazi ya pwani ya Afrika Mashariki hukaribia 35, lakini wakati wa masika, karibu na mlango wa mto, maji ya juu hushuka vibaya. Chota maji yakiwa yamejaa, mbali na mto na mbali na bomba la mji. Ndugu zetu walioko Dubai au Abu Dhabi wana shida iliyo kinyume: maji ya Ghuba hufika 39, 40 na zaidi, kwa kuwa jua hula maji na mito ni michache. Ukiyatia tangini kama yalivyo, kalsiamu itasoma kuelekea 480, nawe utakisingizia kipimo ilhali kinasema kweli.

Ualkali, mahali pa kuweka pesa

Kama ningeruhusiwa kumshauri mtu kitu kimoja tu, ningemwambia anunue kipimo kizuri cha ualkali na aridhike na vya kawaida kwingineko. Sababu iko kwenye hesabu ya mifupa ya tumbawe. Likijenga kalsiamu kaboneti, hutoa kalsiamu na kaboneti majini kwa uwiano usiobadilika: ualkali ukishuka 1 dKH (kizio cha ualkali), kalsiamu iliyokwenda nayo ni takriban 7 mg kwa lita. Sasa tazama akiba zenyewe. Maji ya tangi yana ualkali wa 8 hivi na kalsiamu ya 420. Kushuka kutoka 8 hadi 7 ni kupoteza asilimia 12.5 ya akiba. Kushuka kutoka 420 hadi 413 hakufiki asilimia 2.

Ndiyo maana ualkali hulia kwanza. Kipimo cha kalsiamu kinachosogea 20 mg kwa kila tone hakitaona kitu hadi ualkali uwe umepotea karibu 3 dKH, na wakati huo ncha za matumbawe ya Acropora zimeshaanza kuchubuka. Kulisimamia tumbawe kwa kipimo hicho ni kupima dhahabu kwa mzani wa magunia. Tangi lililojaa matumbawe magumu linaweza kula 1 au 2 dKH kwa siku, kwa hiyo kipimo unachokitaka hapa kinapaswa kuonyesha nusu dKH bila kubahatisha, na ikiwezekana chini ya hapo.

Vipimo vya ualkali karibu vyote hufanya kazi moja: unatia kiashirio cha rangi kwenye maji, unaongeza asidi kidogo kidogo, na rangi inapogeuka unahesabu asidi iliyotumika. Tofauti ni namna ya kuongeza. Kile cha API huhesabu matone, na kwa maji ya 5 ml kila tone ni 1 dKH. Hapo ndipo tatizo nililolitaja: hatua ya 1 dKH ni kubwa mno. Lakini lina dawa rahisi. Tumia 10 ml za maji badala ya 5, na kila tone linakuwa 0.5. Mbinu hiyohiyo inafaa kwa kipimo chao cha kalsiamu, ambacho tone lake hushuka kutoka 20 hadi 10. Vitendanishi vitakwisha mapema, basi. Vya Salifert na Red Sea hutumia bomba dogo la sindano lenye mistari, na hatua zake ni ndogo zaidi. Kwa wengi hapa ndipo mahali pazuri pa kukaa.

Hanna nao hutengeneza kipima-rangi cha mfukoni, HI772, kinachoandika dKH kwenye skrini. Kinapendwa kwa kuwa kinamaliza ubishi wa kama hii ni buluu au ni zambarau, na mwenye upofu wa rangi hana haja ya kumwita jirani. Kikiandika 8.3, jicho linaiamini ile .3. Soma karatasi ya kiwanda chenyewe: usahihi ni ±0.3 dKH, pamoja na ±5% ya namba iliyosomwa. Kwa 8.3 hiyo ni kama 0.7 juu au chini. Maji yako yanaweza kuwa 7.6, yanaweza kuwa 9.0, na kifaa kikawa hakijakudanganya.

Je, kisinunuliwe? Kinunuliwe, ila ujue unanunua nini. Ukaribu wa namba na ukweli ni jambo moja. Jambo jingine ni kama kipimo kikipewa maji yaleyale mara tatu kitarudia jibu lilelile. Kwa kazi ya kila siku la pili ndilo zito. Matumbawe huishi kwenye 7.5 na huishi kwenye 9. Kuyumba huku na huku ndiko kunakoyaumiza. Kipimo kinachozidisha 0.5 leo, kesho na keshokutwa kitakuonyesha kuyumba huko barabara. Kinachozidisha leo na kupunguza kesho kitakufanya wewe ndiye unayeyumbisha tangi.

Mtihani wa kukipa kipimo chako

Uthabiti unapimika jioni moja. Chota kikombe kimoja cha maji ya tangi, ukipime mara tatu mfululizo, uandike majibu kabla ya kuyalinganisha. Yakitofautiana kwa hatua moja ya kifaa, sawa. Yakitofautiana kwa hatua tatu, ama mkono wako una tatizo ama kifaa, na mtu mwingine akipima maji hayohayo utajua ni kipi.

Ukweli wa namba nao unapimika, na kwa ualkali unahitaji kitu cha jikoni tu: bikaboneti ya sodiamu, ile soda ya kuokea. Iwe tupu. Beking pauda imechanganywa na asidi na wanga. Magadi yanayotoka Ziwa Magadi au Natron ni mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti, na hesabu yake ni nyingine kabisa. Kwa mzani mdogo wa sonara unaosoma 0.01 g, pima 3.00 g, uziyeyushe kwenye maji safi na ujaze hadi lita 1. Kisha chukua 100 ml za mchanganyiko huo, uongeze maji safi hadi lita 1 tena. Hayo ya pili yana 10 dKH. Yafunge vizuri yasipungue kwa mvuke. Kipimo kikisoma 10, umepata mkweli. Kikisoma 10.6, andika kwenye sanduku lake kwa kalamu ya wino mzito: “huzidisha 0.6”. Hakuna haja ya kukitupa.

Mambo mawili kuhusu mtihani huo. Vipima-rangi vya kidijitali vilivyotengenezwa kwa maji ya bahari huweza kuteleza vikipewa maji yasiyo na chumvi, kwa sababu rangi ya kiashirio huathiriwa na chumvi. Kwa vifaa hivyo ongeza 35 g za chumvi safi kwenye ile lita ya pili. Na hayo “maji safi” yawe safi kweli: yaliyopita kwenye mtambo wa RO na DI, au yaliyokenekwa. Wanaonunua maji ya betri gereji wawe macho, maana kwa jina hilohilo baadhi ya maduka huuza asidi ya betri. Kifaa kidogo cha kupima TDS, yaani vitu vilivyoyeyuka majini, kikisoma 0 au 1, uko salama. Kikisoma mamia, rudisha chupa.

Msomaji aliye Mombasa, Dar es Salaam au Unguja, mahali ambapo vifaa vya tangi la matumbawe ni adimu lakini hoteli zenye mabwawa ya kuogelea ni nyingi, anaweza kujisaidia na duka la vifaa vya bwawa. Kipimo chao cha ualkali ni asidi na kiashirio vilevile. Hutoa jibu kwa mg kwa lita za kalsiamu kaboneti, nawe unagawanya kwa 17.9 kupata dKH. Tone la 10 mg ni kama 0.56 dKH, si haba. Usichukue hapo kipimo cha ugumu wa maji, kwani ugumu wote wa maji ya bahari unazidi 6,000 mg kwa lita kwa kipimo hicho. Utadondosha hadi chupa iishe na rangi haijageuka.

Kalsiamu na magnesiamu

Hivi havihitaji maneno mengi. Ukishika ualkali vizuri, kalsiamu hupimwa mara moja kwa wiki au wiki mbili, na magnesiamu mara moja kwa mwezi. Maji ya bahari yana kama 420 na 1,300 mg kwa lita, na matumbawe hayajali sana kama ni 400 au 450. Kipimo cha bomba la sindano chenye hatua ya 10 kinatosha.

Hapa kifaa cha kidijitali si lazima kiwe hatua mbele. HI758 cha Hanna hupima kalsiamu kwa kuchukua 0.1 ml tu ya maji ya tangi na kuyachanganya na maji safi. Kosea kwa sehemu moja ya mia ya mililita, tone lililobaki kwenye ncha ya bomba, na jibu limeruka asilimia 10, yaani mg 40 na ushee. Mtu mwenye mkono mtulivu atapata majibu mazuri. Mwenye haraka atakesha akishangaa kwa nini kalsiamu yake inacheza rumba.

Fosfeti, mahali ambapo sifuri huua

Fosfeti ndiyo eneo gumu kuliko yote, kwa sababu unachotafuta ni kidogo mno. Wafugaji wengi wa matumbawe hulenga kati ya 0.03 na 0.10 mg kwa lita. Vipimo hufanya kemia moja: molibdati hushikana na fosfeti, kisha mchanganyiko hugeuzwa buluu. Buluu ya 0.03 kwenye kichupa chembamba ni kama haipo. Kadi ya rangi inayoruka kutoka sifuri hadi 0.25 haikusaidii kitu, na sanduku lenye kadi kama hiyo huwa linauzwa kwa wenye matangi ya maji baridi pia, ambako linafaa zaidi.

Kwa fosfeti, basi, nunua kipima-rangi cha kidijitali kama mfuko unaruhusu, na usome namba ya toleo. Hanna wana HI713, kinachosoma hadi 2.50 na usahihi wake ni ±0.04 pamoja na ±4%. Kwenye maji ya 0.03, kosa linaloruhusiwa ni kubwa kuliko kitu kinachopimwa. HI736 ndicho cha maji ya bahari yenye fosforasi kidogo sana: usahihi wake ni ±5 kwa bilioni pamoja na ±5%, ambayo ukiigeuza kuwa fosfeti ni karibu ±0.015. Tofauti ya bei yake na mwenzake haifanani na tofauti ya kazi.

Hicho cha pili kina mtego wake: huandika fosforasi, si fosfeti, na kwa sehemu za bilioni. Zidisha kwa 3.066, gawanya kwa 1,000. Kikisema 16, fosfeti yako ni 0.05. Wapo waliosoma 16 wakaona ndogo, na wapo waliosoma 16 wakapata wazimu. Toleo jingine, HI774, huandika fosfeti moja kwa moja kwa wasiopenda hesabu, lakini kosa lake ni kubwa kidogo.

Mbona nasisitiza hivi? Kwa sababu kipimo kisichoona kidogo kitakuandikia sifuri, na sifuri humpa mtu raha ya uongo. Anazidi kutia chembechembe za oksidi ya chuma za kunyonya fosfeti hadi anayanyima matumbawe chakula. Yanapauka, na mahali pake hushika dinoflajeleti, ute wa kahawia wenye viputo ambao kuuondoa ni kazi ya miezi. Kadi ya rangi ikikuambia 0, isome kama “chini ya ninachoweza kuona”, na usiongeze kitu kwa jibu hilo peke yake.

Mtihani wa fosfeti ni huu: pima maji safi ya RO/DI kana kwamba ni ya tangi. Yasome sifuri au karibu yake. Yakisoma 0.05, kichupa ni kichafu, na mara nyingi mkosaji ni sabuni ya vyombo. Kamwe usioshe vichupa kwa sabuni. Suuza kwa maji safi, na kabla ya kupima suuza mara mbili kwa maji ya tangi yenyewe.

Naitreti ni nyepesi kidogo, kwa kuwa haihitaji usahihi mkubwa: unataka kujua kama ni 2, 10 au 40. Lakini kwanza elewa kemia yake. Kipimo hugeuza naitreti kuwa naitraiti kwa unga wa metali, kwa kawaida zinki, kisha hupaka naitraiti hiyo rangi ya waridi. Unga hukaa chini ya chupa. Anayetikisa kidogo husoma kidogo, na hapa “tikisa kwa sekunde 30” ni sekunde 30 za saa. Pili, kama tangi ni jipya na lina naitraiti halisi, kipimo kitaihesabu nayo na naitreti itaonekana kubwa kuliko ilivyo. Tatu, kampuni nyingine huandika nitrojeni ya naitreti. Zidisha kwa 4.43 upate naitreti. Anayelinganisha namba na rafiki yake mwenye kipimo cha aina nyingine aulize kwanza wanazungumza lugha ipi.

Kukijaribu kipimo cha naitreti, changanya nusu ya maji ya tangi na nusu ya maji ya chumvi mapya yaliyosoma sifuri. Jibu liwe nusu. Lisipokuwa nusu, wala karibu na nusu, chupa zimechoka.

Vilivyobaki

Amonia unaihitaji wakati wa kuanzisha tangi, samaki akifa mahali usipomfikia, na unapochota maji baharini karibu na makazi ya watu. Chagua kipimo cha salisileti, kinachogeuka kijani. Kile cha zamani cha Nessler kina zebaki, na dawa za kuondoa klorini hukifanya kione amonia isiyokuwepo. Naitraiti kwenye maji ya bahari haina sumu kali kwa samaki kama kwenye maji baridi, kwa sababu kloridi hushindana nayo kuingia mwilini. Ukiikosa dukani, usihuzunike.

Kipimo cha pH cha rangi usikinunue. Tofauti ya 7.9 na 8.2 ina maana, na kadi haiioni. Kalamu ya elektroniki iliyowekwa sawa kwa vimiminika vya 7.00 na 10.00 inafaa, lakini elektrodi yake ni kitu cha kuchoka, na isiyowekwa sawa mara kwa mara ni hatari kuliko kutokuwa nayo. Hata ukiwa na kalamu nzuri, pH ya chini kwenye nyumba iliyofungwa madirisha kwa ajili ya kiyoyozi mara nyingi ni hewa ya watu tu: kaboni dioksidi imejaa chumbani. Chukua glasi ya maji ya tangi, upulizie hewa ya nje kwa pampu kwa saa moja, upime tena. Ikipanda, fungua dirisha kabla ya kufungua chupa ya dawa.

Karatasi za kuchovya ni za haraka na ndiyo sifa yao pekee.

Kununua kwa macho

Tarehe ya mwisho ni kitu cha kwanza kuangalia kwenye sanduku, kabla ya bei. Vitendanishi huharibika kwa joto, na sanduku lililokaa dirishani mwa duka au wiki kadhaa kwenye ghala la bandari Dar es Salaam si sawa na lililokaa kwenye kabati lenye ubaridi. Sanduku lisilo na tarehe liache hapohapo. Unga ulioganda vipande, kiashirio kilichobadilika rangi ndani ya chupa, kifuniko chenye ukoko: hivyo vyote ni sababu ya kudai pesa zako.

Uliza upatikanaji wa vitendanishi vya kujazia. Kipima-rangi cha kidijitali bila vitendanishi vyake ni skrini ya kuonyesha wageni. Kama mji wako huletewa mzigo mara mbili kwa mwaka, kipimo cha kawaida ambacho chupa zake zipo ni bora kuliko kizuri kinachongoja meli. Piga hesabu ya gharama kwa kila upimaji pia. Sanduku la bei ya chini lenye vipimo 25 huweza kuwa ghali kuliko la bei ya juu lenye 100, hasa la ualkali unaoupima kila siku mbili tatu. Soma karatasi ya maelekezo iliyomo ndani hata kama umewahi kutumia aina hiyo, kwa kuwa watengenezaji hubadili idadi ya matone bila kupiga baragumu.

Mkono una sehemu yake. Shika chupa ya matone wima kabisa. Ikilala, tone linabadilika ukubwa. Kwenye bomba la sindano, soma pale penye ukingo wa pistoni na upuuze kipande cha hewa kwenye ncha, ilimradi ulianza nacho. Angalia rangi kwenye mwanga wa mchana au taa nyeupe, kamwe si chini ya taa za buluu za tangi, ambako waridi haipo. Kwa vipima-rangi, futa alama za vidole kwenye kichupa, gongagonga viputo vitoke, na tumia kichupa kilekile kwa sifuri na kwa jibu, kikielekea upande uleule. Pima saa ileile ya siku, kwa sababu ualkali wa asubuhi na wa jioni kwenye tangi lenye njaa si mmoja.

Maabara zinazopima kwa mashine ya ICP, kama Triton na ATI za Ujerumani, zitakusomea madini kwa makumi: shaba, bati, risasi, iodini, strontiamu. Hayo huwezi kuyapima sebuleni, na mara moja au mbili kwa mwaka ni pesa iliyotumika vizuri, hasa ukishuku metali imeingia. Lakini mashine ya ICP yenyewe haisomi ualkali wala naitreti, na jibu linakuja siku au wiki baada ya maji kubadilika. Litumie kuhakiki kipimo chako cha kalsiamu na magnesiamu: siku unayojaza kichupa cha posta, pima maji hayohayo nyumbani na uandike. Mashine zinazojipimia kama Trident ya Neptune Systems, inayopima ualkali mara nne kwa siku, ni nzuri kwa mwenye uwezo, na nazo huteleza. Zinahitaji kipimo cha mkono cha kuzikagua.

Namba ikikushtua, usitie kitu tangini. Pima tena kwa kichupa kilichosuuzwa upya. Ikirudi ileile, pima yale maji ya soda ya 10 dKH. Kama hayo yanasoma 10, ndipo uliamini tangi. Na chupa mpya ya kitendanishi ikifika, usingoje ile ya zamani iishe: pima maji yaleyale kwa zote mbili siku moja. Zikitofautiana kwa 0.4, andika tarehe na tofauti hiyo kwenye daftari, usogeze lengo lako kwa 0.4, na kiasi cha dozi kikae palepale.